Nilivyopimwa nguvu na kasi ya goti baada ya opresheni ya ACL: mashine safi sana, ila usiende bila maswali

Naanza na jibu kwanza ndo nieleze. Swali ni kama inafaa kulipia hii test ya mashine ukitaka kurudi mchezoni. Ndio, inafaa, na pesa yangu nimeiona ilikokwenda. Ila ile kliniki ya Nairobi niliyopimwa naipa tatu kati ya tano na sababu zote nitazitaja, jina tu ndo sitaji kwa vile sitaki kumharibia mtu riziki na pia yule fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) aliyenipima mara ya pili alinisaidia kwa moyo safi.

Mimi ni winga, nacheza mpira hapa Mombasa, nina miaka 27. Goti la kulia liliniacha nikiwa nageuka tu na mpira, hakuna hata mtu aliyenigusa, nikasikia kitu kimelia pah! ndani na nikajua hapohapo. MRI ikasema ACL imekatika, ile kano iliyo ndani kabisa ya goti inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Nikafanyiwa opresheni, wakakata kipande cha kano iliyo chini ya pia ya goti wakakitumia kutengeneza kano mpya. Basi mwezi wa saba baada ya opresheni natembea vizuri, napanda ngazi, nakimbia mdogomdogo pale uwanja wa Tononoka asubuhi, na kila anayeniona ananiambia kaka huo mguu umepona, rudi, timu inakungoja. Na mimi moyo ushafika uwanjani zamani. Fizio wangu wa huku, dada mmoja mpole lakini kwa kazi hana mchezo, akanikatalia. Akasema, "Macho hayapimi msuli. Nenda upimwe, ukiniletea namba ndo tutazungumza habari za mpira."

Nikauliza kwa nini nisafiri mpaka Nairobi kwa ajili ya namba, akanitolea utafiti uliotoka 2016 kutoka Norway na Marekani, walifuatilia watu 106 waliotengenezwa ACL kwa miaka miwili. Waliorudi michezoni wakiwa wamefaulu vipimo vya nguvu na vya kuruka, walioumia goti tena walikuwa asilimia 5.6. Waliorudi bila kufaulu, asilimia 38.2. Na tena kila mwezi mmoja mtu aliouvumilia bila kurudi mpaka kufika mwezi wa tisa tangu opresheni, hatari ilipungua kwa karibu nusu, asilimia 51. Wallahi nilinyamaza. Hiyo 38 ni zaidi ya mtu mmoja kwa kila watatu, na opresheni yangu mama alichangisha ukoo mzima kuilipa, sasa nirudi kwa hao hao jamaa niwaambie nini?

Basi nikapiga simu, nikawekewa miadi, nikalipa elfu 12 kwa M-Pesa kabla hata sijafika (hilo sikulipenda, lakini sawa), nikapanda SGR nikashuka Syokimau usiku, nikalala kwa binamu.

Tuje kwenye mashine sasa maana hapa ndo penyewe. Inaitwa dainamomita ya aisokinetiki. Ni kiti kikubwa kama cha daktari wa meno, pembeni kuna mota na mkono wa chuma. Unakaa, unafungwa mikanda kifuani, kiunoni, na pajani, alafu muundi wako unafungwa kwenye ule mkono juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kabla ya hapo nilipanda baiskeli dakika kama kumi misuli ipate moto. Wanaanza na mguu mzima, yaani ule usioumia, kwanza uzoee, pili ndo kipimo ambacho ule mwingine utalinganishwa nacho.

Ujanja wa hii mashine ni kuwa kasi imefungwa. Ukiwekewa digrii 60 kwa sekunde, goti litakunjuka kwa digrii 60 kwa sekunde hata usukume kama umeshikwa na jini, halizidi hapo. Nguvu yote unayoongeza inarudishiwa wewe kama uzito, kwa hivo kila pembe ya goti unakutana na upinzani ulio sawasawa na nguvu uliyoitoa pale. Jimu haiko hivo. Kwenye jimu ukinyanyua kilo 40, zile kilo 40 zinakubana sehemu moja tu uliyo dhaifu na kwengineko unapita. Wazo lenyewe si la jana, lilitoka Marekani miaka ya 1960 na jamaa mmoja James Perrine, na mashine za mwanzo zikajulikana kwa jina la Cybex, mpaka leo mafizio wazee wanaita test nzima "Cybex" hata kama mashine iliyo mbele yao ni ya kampuni nyingine.

Nilipimwa kasi tatu. Digrii 60, mara tano, hiyo ni nguvu tupu, inakwenda polepole na inauma, unasukuma unahisi paja linataka kupasuka. Alafu 180, mara kumi. Alafu 300, mara kumi na tano, hiyo mguu unaruka kama unapiga shuti hewani na pumzi inakuisha. Nilidhani ile ya kasi ndo itatoa namba kubwa maana ndo nimesukuma kwa fujo zaidi, kumbe ni kinyume, kasi ikipanda nguvu inashuka, na ndivyo msuli ulivyoumbwa. A. V. Hill, yule mwanasayansi wa Uingereza aliyepata Nobeli ya 1922 kwa kazi yake juu ya joto la misuli, mwaka 1938 aliuchora huo uhusiano akitumia misuli ya chura: msuli ukijikunja haraka unatoa nguvu ndogo, ukijikunja taratibu unatoa nyingi. Ndo maana mtu anaweza kuwa na nguvu za kubeba gunia na bado akaachwa kwenye mbio za mita kumi, na ndo maana kupima kasi moja tu ni kujidanganya.

Namba zangu nitaziweka wazi, labda zitamfaa mtu. Msuli wa mbele ya paja, kasi ya 60: mguu mzima Newton-mita 210 (ndo kipimo cha nguvu ya kuzungusha goti), mguu mgonjwa 158. Hiyo ni asilimia 75. Kwenye 180, 141 kwa 118, asilimia 84. Kwenye 300, 102 kwa 92, asilimia 90. Lengo la kawaida ni mguu ulioumia ufike angalau asilimia 90 ya mwenzake. Hebu angalia kilichotokea hapo, ukinipima kwa kasi ya 300 peke yake nimefaulu! Ukinipima kwa 60 nimeanguka vibaya. Yaani mguu ule ule, siku ile ile, kiti kile kile.

Na hapa ndo lawama yangu ya kwanza inaanza. Kijana aliyenipima alikuwa na adabu na alinihimiza vizuri ("sukuma sukuma sukuma bado moja!"), lakini ripoti nilipewa karatasi nne zimejaa grafu, zote Kiingereza, akanieleza kwa dakika mbili amesimama mlangoni maana mteja mwingine ameshafika. Akaniwekea kidole kwenye ile ya 300 na kwenye majaribio ya kuruka akasema uko poa, endelea. Niko poa? Robo nzima ya nguvu ya paja haipo! Mtu ambaye hana fizio kama wangu angetoka pale moja kwa moja akanunua daluga mpya.

Tuseme na hayo ya kuruka. Waliniambia niruke kwa mguu mmoja kwenda mbele, mara moja, alafu mara tatu mfululizo, alafu mara tatu nikivuka mstari kulia kushoto. Zote mguu mgonjwa ukapata asilimia 94 mpaka 96 ya mwenzake. Nikafurahi sana. Fizio wangu alipoona akatikisa kichwa, akaniambia kuruka mbele unaweza kuruka kwa nyonga na kifundo, goti likajificha nyuma yao na usijue. Kuruka juu ndo goti halina pa kujificha. Na kweli, walikuwa na mkeka wa kurukia unaohesabu muda uliokaa hewani, nikiruka juu kwa mguu mzima nilikaa sekunde 0.40, kwa mgonjwa 0.34. Ukiona hivo utasema si tofauti kubwa. Lakini urefu unapatikana kwa kuzidisha muda kwa muda wenyewe alafu mara 1.226, kwa hivo ni sentimita 19.6 kwa 14.2. Asilimia 72! Karibu sawa kabisa na kile kiti kilichosema. Kliniki walikuwa na hiyo namba kwenye karatasi yao wenyewe na hawakuitaja, mimi ndo niliifanyia hesabu nikiwa kwenye treni narudi. (Kwa wenye mkeka kama huo: mtu akikunja magoti kabla ya kutua anaongeza muda hewani na namba inakuwa ya uongo, tua na mguu ulionyooka kama ulivyoondoka.)

Kuna namba nyingine inawachanganya watu, uwiano wa msuli wa nyuma ya paja na wa mbele. Wa nyuma ndo msaidizi wa ACL, unauvuta muundi usiende mbele, na kwenye kasi ya 60 watu wanataka uwe kama asilimia 60 ya wa mbele. Mguu wangu mzima 124 kwa 210, asilimia 59, sawa. Mguu mgonjwa 118 kwa 158, asilimia 75. Kwenye ripoti hiyo imepigwa rangi ya kijani kabisa kama sifa. Sasa si sifa, ni wa mbele umekonda ndo wa nyuma anaonekana mkubwa! Sisemi huo uwiano hauna maana, pale Aspetar, ile hospitali ya wanamichezo ya Doha, walifuatilia wachezaji wa kulipwa 158 na wakaona waliorudi bila kutimiza vigezo sita vyao walikuwa na hatari mara nne ya kukata tena ile kano mpya, na wale ambao msuli wa nyuma ulikuwa dhaifu ukilinganishwa na wa mbele hatari ilipanda zaidi. Kwa hivo namba ni ya maana, lakini isomwe pamoja na Newton-mita zenyewe, na Newton-mita zenyewe zigawanywe kwa uzito wako. Mimi nina kilo 72. 158 ukigawa kwa 72 unapata 2.2, na mafizio wengi wanataka mwanamume anayecheza mpira afike kama 3. Mguu mzima wenyewe ni 2.9. Yaani hata huo niliouita mzima umelegea kwa miezi saba ya kukaa, na ule wa mgonjwa unapimwa dhidi ya mwenzake aliyelegea. Hii ripoti haikugawa kwa uzito kokote. Kwa kliniki inayojiita ya wanamichezo hilo ni kosa kubwa na nawaomba walirekebishe, ni kuongeza safu moja tu kwenye karatasi.

Kasi ya kukimbia sasa. Hapa sina huruma. Walinikimbiza mita kumi kwenye sehemu ya kuegesha magari, kijana amesimama na stopuwachi ya mkononi, akaniandikia sekunde 1.62. Hiyo namba haina kazi. Kidole cha mtu kinachelewa kubonyeza mwanzo, na mwisho anabonyeza akiwa ameshakuona unakuja, kwa hivo saa ya mkono inampa mtu kama sekunde 0.24 za bure ukilinganisha na saa ya umeme. Kwenye mita kumi, robo sekunde ni bahari. Kumbukeni mbio za mita 100 pale Kasarani, Nairobi, Septemba 2021, Mmarekani Bromell 9.76, Omanyala wetu 9.77, sekunde moja ya mia, sasa wewe na kidole chako utaona nini hapo? Mageti ya taa, vile vifaa vya mwanga vinavyopima muda vyenyewe ukipita, wanayo, niliyaona yamefungwa kwenye sanduku kwenye korido, nikaambiwa betri. Nimelipia "kipimo cha kasi" kimeandikwa kwenye risiti. Nilitarajia angalau waseme kabla.

Nikarudi Mombasa na namba zangu na huzuni yangu. Dada fizio akaangalia zote kimya, akachora mstari mwekundu chini ya 158, tukaanza upya. Miezi mitatu ya mashine ya kunyoosha goti, skwati ya mguu mmoja, kupanda kwenye kasha na kushuka polepole, uzito mkubwa mara chache, mara mbili tatu kwa wiki, baadaye kuruka. Mpira hapana. Nilikuwa nakaa pembeni ya uwanja naokota mipira na vijana wadogo na sitasema ilikuwa rahisi, kuna siku nilitoka Tononoka nikaenda zangu kukaa Lighthouse, pale kando ya bahari, peke yangu mpaka magharibi.

Mwezi wa kumi baada ya opresheni nikarudi kliniki ile ile. Na hapa kuna jambo ambalo naomba kila anayesoma alishike. Namba ya mara ya pili haina maana kama kiti hakikuwekwa vile vile. Mhimili wa mota lazima uwe sawa na kile kifundo cha mfupa pembeni ya goti, urefu wa mkono uwe ule ule, mgongo wa kiti uwe pembe ile ile, ukibadilisha kimoja namba inapanda au inashuka na msuli wala haujabadilika. Mara ya kwanza fizio wangu alikuwa ameniambia nipige picha zile namba za kwenye kiti zote. Nikapiga. Mara ya pili nikakuta mtu mwingine, fizio wa makamo hivi, faili langu lilikuwa na ripoti lakini namba za kiti hazikuandikwa popote. Nikamtolea simu. Akaziangalia, akasema "asante sana kaka, umetuokoa sote," na akaziandika kwenye faili kwa mkono wake.

Alafu akataka kuanza, nikamuuliza kwa heshima, samahani daktari, mguu hatuupimi uzito kwanza? Maana mguu wenyewe una uzito, ukikunjua goti unaunyanyua na ukikunja unashuka wenyewe, kwa hivo mashine lazima iupime umelala tu bila kusukuma ndo iutoe kwenye hesabu, la sivyo msuli wa mbele unaonekana dhaifu kuliko ulivyo na wa nyuma unaonekana na nguvu usizokuwa nazo. Alikuwa amesahau. Hakununa hata kidogo, akaacha kila kitu akaupima, tukaanza. Mtu wa hivo unamsamehe vingi.

Matokeo: kasi ya 60, mguu mzima 214, mgonjwa 196. Karibu asilimia 92, alhamdulillah. Kuruka juu kwa mguu mmoja, mzima sekunde 0.41, mgonjwa 0.39, ambayo kwa urefu ni asilimia 90. Huyu alikaa na mimi dakika 20 nzima, tukapitia grafu moja moja, akanionyesha kitu ambacho yule wa kwanza hakugusa: ule mchoro wa mguu mgonjwa ulikuwa na kibonde katikati, sehemu ambayo goti linaogopa, na sasa kibonde kimepungua lakini kipo. Akaniambia niendelee na mazoezi ya kunyoosha goti hata nikianza kucheza. Kwa Kiswahili, na kwa lugha ya mtu na mwenzake. Mageti ya taa bado hayakuwa na betri.

Kwa anayetaka kwenda, vaa kaputura fupi na raba, usile kilo ya pilau kabla, usiwe umefanya mazoezi ya miguu jana yake, na kama una presha waambie mapema maana unasukuma mpaka kichwa kinapwita. Omba nafasi ya asubuhi wakati hawana haraka. Omba ripoti yenye kasi zote na ugawe kwa uzito mwenyewe kama hawajagawa. Kama hujafanyiwa opresheni na unataka tu kujua una nguvu kiasi gani, kwa maoni yangu elfu 12 ni nyingi, kuruka kwenye mkeka kutakutosha. Lakini kama goti lako limefunguliwa na unafikiria kurudi kwenye mchezo wa kugeukageuka, mpira, basketi, handboli, usikubali mtu akwambie umepona kwa kukutazama.

Jumamosi iliyopita nimecheza dakika 20, pembeni, kwa ruhusa ya fizio, na goti halikuvimba. Mwezi wa kumi na mbili tangu opresheni narudi kupimwa mara ya tatu kuona kile kibonde, picha za kiti ninazo kwenye simu na nimeshamwachia binamu betri za mageti awapelekee.